Picha ya Kisima

Jumamosi hiyo Selestini aliamka akiwa ameshaamua kwamba hatafanya kazi yoyote. Mikorosho yote ilikuwa imepata dawa ya salfa ya awamu ya kwanza, na awamu ya pili ingengoja mpaka wakubwa wakumbuke kwamba Kitangari nako kuna wakulima. Nje ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya mihogo, baridi ile inayowafanya hata kuku wachelewe kutoka bandani. Alivaa koti lake la mtumba, akaketi sebuleni, akanyoosha miguu, akaitazama televisheni. Ilikuwa bado imefunikwa kile kitambaa cha kufuma ambacho watu waliifunikia siku alipozikwa mkewe, Veridiana.

"Mama Lois," aliita.

Yuster, mke wa mwanawe Godwin, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Abee, Baba."

"Leo tunaangalia picha za kauboi. Leo, na kesho tukitoka kanisani. Matanga yamekwisha. Shemeji Gervas naye anakuja kutoka Chilangala. Hebu niletee lile boksi la CD."

Yuster hakwenda popote. Alikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Boksi lipo, Baba. CD ndiyo hazimo."

"Zimekwenda wapi?"

"Ziko shamba."

Selestini alidhani hajasikia vizuri. "Shamba kufanya nini?"

"Kwenye mtama. Nilizitundika ndege walipoanza kuja. Zikipigwa na jua zinang'aa, ndege wanakimbia." Akaona uso wa mkwewe, akaongeza upesi, kama mtu anayetoa habari njema: "Mwaka huu hawajala kitu, Baba. Ukienda utaona."

Selestini aliinuka. Alitoka mpaka uani, na Yuster akamfuata kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Mke wangu alikuwa anazipangusa moja moja kwa kitenge chake," alisema, na sauti ilikuwa inapanda. "Mtu hashiki mpaka anawe mikono. Wewe unazitundika juani kama makopo. Huko kwenu Chidya ndivyo mnavyotunza vitu? Umekuja hapa na begi moja, utajua wapi thamani ya kitu cha mtu?"

Wanawake wawili wa jirani walikuwa wanarudi kutoka kwenye bomba la kijiji na ndoo tupu. Bomba hilo hutoa maji vizuri sana siku wakubwa wanapopita na magari yao; wakishaondoka linabaki kukoroma. Wale wanawake walisimama, kila mmoja akijifanya anaweka sawa kata yake ya kichwani.

"Shikamoo, Baba Godwin."

"Marahaba," alijibu Selestini kwa sauti ile ile ya hasira.

"Baba," alisema Yuster taratibu, "ulisema mwenyewe zitolewe humu ndani."

"Nilisema zitolewe. Sikusema zitundikwe."

 Uji ulikuwa haujapikwa na mtoto alikuwa ameshaanza kulia ndani, kwa hiyo ilimbidi aseme neno ambalo hakutaka kulisema mbele ya watu. "Naomba ufunguo, Baba. Maji ya uji."

Nyumba ile ilikuwa na kisima cha saruji kilichokusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mvua zikiisha, mfuniko hutiwa kufuli, maana hayo ndiyo maji ya kufikia Novemba. Alipokuwa hai Veridiana, ufunguo ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, na mwenye kuhitaji alichukua. Baada ya mazishi Selestini aliufunga uzi akauvaa shingoni. Hakuna aliyeelewa kwa nini, na huenda hata mwenyewe hakuelewa.

Aliutoa shingoni akampa, pamoja na maneno yake ya kila asubuhi. "Ndoo moja. Na mfuniko uurudishe vizuri."

Wale wanawake wawili waliendelea na safari yao, wakigeuka kutazama nyuma.

Godwin aliporudi na pikipiki yake kutoka Newala, ambako alikuwa amempeleka abiria alfajiri, alimkuta mkewe anakunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani ya begi. Godwin alikuwa ameshika mkate mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Ukipata nafasi utatupeleka. Usipopata, Jumatatu nitapanda gari la Masasi."

"Kwa ajili ya CD?"

"CD ni kitu gani, Baba Lois? Ni huku kuomba maji kama mpangaji. Kila siku asubuhi. Leo mpaka kina Mama Ashraf wamesimama kunitazama."

"Nitaongea na Baba."

"Tangu mvua ziishe unaongea naye."

 Godwin aliuweka mkate juu ya kitanda, akauona haufai kukaa kitandani, akauchukua tena.

*

Gervas, kaka wa marehemu Veridiana, alifika ukungu ulipoanza kupanda. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo na kofia ya pama, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyependa kauboi kama yeye, ukimtoa dada yake.

"Shikamoo, Shemeji," alisema Selestini.

"Marahaba. Mbona umevimba? Wamekuletea salfa iliyochanganywa na majivu?"

Selestini alimweleza. Gervas alicheka mpaka akavua kofia. Alipoona mwenzake hacheki, aliivaa tena, akasema, "Basi twende tukawashushe hao kauboi kabla jua halijawachoma."

Shamba la mtama lilikuwa nyuma ya mikorosho. CD zilining'inia kwenye vijiti kwa nyuzi za mfuko wa salfa, zikizunguka polepole. Upande wa mikorosho zilikuwa zimeshika unga wa njano kama wali wa manjano. Selestini alikata uzi wa kwanza kwa kisu, akaipangusa CD kwenye koti. Ilikuwa imepasuka. Ya pili ilikuwa na mchubuko kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Unaona," alisema. "Haya yote ni wao. Wangeleta mitambo ya kuua ndege hawa wa kwelea, kama wanavyoahidi kila kampeni, mtoto wa watu angetundika CD?"

"Kwa hiyo serikali ndiyo iliyotundika."

"Serikali ndiyo iliyomfanya mtu atafute mbinu."

"Sawa," alisema Gervas, akifungua fundo kwa meno. "Na ile siku ya matanga, aliyelitupa boksi mlangoni akasema hataki kuliona tena maisha yake yote, nayo ilikuwa serikali? Maana mimi nilikuwepo. Nilimwona mtu anafanana na wewe."

Selestini alikata uzi mwingine.

"Mimi nakuuliza tu, Shemeji. Kule juu tunawajua wakubwa, na Mungu atawalipa. Humu nyumbani kwako mkubwa ni nani?"

Selestini alisogea kwenye mstari mwingine. Alishika suke la mtama ili alisogeze afikie uzi, akalishikilia kidogo. Lilikuwa zito, limejaa mpaka nchani, punje zote mahali pake. Mwaka jana, Veridiana akiwa kitandani na hakuna wa kwenda shamba, ndege walikuwa wameacha mabua matupu. Alilichunguza suke la pili, na la tatu. Kisha akaendelea kukata nyuzi, lakini sasa alikata taratibu, akiangalia asivunje mabua.

Karibu na kichuguu waliipata CD ya picha ya kisima, ile waliyokuwa wakiiangalia kila Jumamosi. Walijua ni hiyo kwa sababu Veridiana alikuwa ameichora alama ya ndoo kwa kalamu ya wino. Ilikuwa nzima, ila salfa ilikuwa imeifunika usoni.

"Hii," alisema Gervas, na safari hii hakutania. "Hii aliinunua nikiwa naye, pale soko la Mkuti, Masasi. Alimwambia muuzaji, nataka ile ambayo watu wanagombania maji. Nikamwambia dada, maji si tunagombania bure kila siku? Akaniambia, nataka niwaone Wazungu nao wanavyopata tabu."

*

Ilibidi zioshwe. Selestini alifungua kisima mwenyewe, akachota, akaweka beseni kibarazani. Gervas alikunja mikono ya shati, akachukua dodoki la kusugulia masufuria.

Yuster, aliyekuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, alivumilia kidogo tu. "Mjomba, utaikwangua. Nipe."

Alimpa Gervas mtoto, akachukua kipande cha kitenge kikuukuu, akaiosha ile CD kwa povu la sabuni, akipangusa kutoka tundu la katikati kwenda nje. Ndivyo alivyomwona mama mkwe wake akifanya. Selestini alisimama pembeni akitazama. Nyuma ya mgongo wa Yuster, ndani ya korido, aliliona begi limefungwa zipu, na juu yake viatu vya mtoto.

Alimfuata Godwin kwenye pikipiki. "Lile begi la nani?"

"La Mama Lois."

"Linakwenda wapi?"

Godwin alikuwa anapangusa taa ya pikipiki ambayo haikuwa na vumbi. "Muulize mwenyewe, Baba. Aliyeambiwa ana begi moja ni yeye."

Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo. Selestini alimtazama, akatazama barabara, akarudi kukaa.

Umeme, kama ilivyo kawaida yake siku mtu akiutaka, ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na hakuna aliyetoa taarifa. Basi wakangoja. Kwa kusema kweli ilikuwa siku nzuri ya kungoja. Jua lilikuwa limetoka bila ukali. Yuster alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, akaileta kwenye ungo na chumvi pembeni, na chai ya mchaichai. Godwin alichoma korosho kwenye bati bovu, moshi wake ukawafukuza wote upande mmoja wa uwanja, kisha upepo ukageuka ukawafukuza upande wa pili. Gervas alilala kwenye mkeka, kofia usoni, Lois akiwa amelala juu ya tumbo lake, wakipanda na kushuka pamoja.

"Shemeji," alisema Gervas chini ya kofia, "hivi wewe Kizungu cha kwenye picha unakielewa?"

"Nitakielewa wapi? Mimi darasa la nne."

"Mimi la tatu. Basi leo nani atatusemea?"

Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Miaka yote Veridiana alizima sauti ya televisheni akawasemea wale watu yeye mwenyewe, wote, wanaume kwa wanawake, kwa Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake. Steringi, yule shujaa wa picha, alimpa sauti nzito ya katekista. Polisi mwenye nyota kifuani alimwita Mtendaji. Tajiri mnene aliyezungushia senyenge kisima cha mji alimwita Mheshimiwa, na alimsemea kwa puani, hivi kwamba watoto wa jirani walikuwa wanajazana dirishani kumsikia. Farasi nao walipata maneno. Hakujua Kizungu hata kidogo, na hakuna siku iliyowahi kuharibika kwa sababu hiyo.

"Tutaangalia kimya," alisema Selestini.

*

Umeme ulirudi jua likiwa limeanza kulala upande wa bondeni. Kijiji kizima kilipiga kelele moja, watu wakubwa kwa wadogo. Selestini aliondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri mara nne, asijue pa kukiweka, akakitia mfukoni mwa koti. Godwin alichomeka deki. Picha ya kisima iliingia, ikaguna, ikakubali.

Waliangalia kimya. Steringi aliingia mjini juu ya farasi mwekundu, vumbi likatimka, watu wakafunga madirisha. Midomo ilifunguka ikafumba. Godwin alijaribu kuweka sauti, ikatoka ile lugha ya haraka haraka, akaizima. Gervas alikohoa. Ilikuwa picha ile ile, farasi wale wale, lakini ilikuwa kama kutazama watu wanakula nyuma ya kioo. Selestini alikuwa ameshafikia kusema izimwe.

"Mwanangu, kiu inaniua, lakini mji huu hata mbwa wake hawabweki," ilisema sauti nzito ya katekista.

Wote waligeuka. Yuster alikuwa amesimama mlangoni mwa korido, mkono mmoja ukiwa kwenye kishikio cha begi. Hakuwatazama. Alitazama televisheni.

"Huyo ni farasi anaambiwa," alisema kwa sauti yake. "Mama alikuwa anasema anamwambia farasi." Akaendelea. Miezi yote ile ya ugonjwa wa Veridiana walikuwa wameiangalia wawili, mchana, wanaume wakiwa kwenye shughuli zao. Mgonjwa alipochoka kusema, Yuster alisema. Mpaka mwisho walikuwa wanapokezana.

Gervas aligeuza kiti. Godwin alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. Yuster alisogea hatua moja sebuleni, kisha nyingine, begi likabaki nyuma. Mtendaji alikataa kesi kwa kuwa ofisi imefungwa. Mama mwenye duka alimkopesha steringi maharage. Kisha tajiri akatokea, tumbo mbele, sigara mdomoni, akasimama mbele ya kisima chake, akainua ufunguo mkubwa aliouvaa shingoni watu wote wauone.

Yuster alibana pua. "Ndoo moja," alisema Mheshimiwa. "Na mfuniko muurudishe vizuri."

Gervas alianza kucheka, akakumbuka yuko kwa nani, akajaribu kukizuia kicheko, kikamtokea puani pamoja na chai. Godwin aliinama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa ndala. Yuster mwenyewe aliweka mkono mdomoni. Neno lilikuwa limemtoka kabla hajalipima.

Selestini hakusogea. Mwanga wa televisheni ulimpiga usoni, ufunguo ukang'aa kidogo juu ya shati lake. Alikuwa amemchukia yule tajiri kwa miaka mingi. Kila Jumamosi alimtukana, akimlinganisha na huyu na yule waliokula pesa za bomba. Hakuwahi kumtazama shingo.

"Endelea, Mama Lois," alisema.

Yuster aliendelea. Watu wa mji walikusanyika. Steringi akatembea katikati ya barabara, Mheshimiwa akatoka na bunduki, wakasimama wakitazamana, na hapo hapo, mahali pale pale pa siku zote, picha ikakwama. Nyuso zikageuka kuwa vipande vipande vya rangi. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuuona mwisho wake.

"Hapa," alisema Selestini. Akasafisha koo. "Hapa mama yenu alikuwa anamaliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nasinzia. Nilijua atarudia wiki nyingine." Akamgeukia Yuster. "Wewe unaujua mwisho?"

"Naujua, Baba."

"Steringi anampiga risasi?"

"Hapana. Mimi nilitaka ampige, Mama akakataa. Alisema ukishamwua, nani atachota? Steringi anaweka bastola chini, anamwambia Mheshimiwa, shika kamba. Basi anachota. Anawachotea mji mzima, ndoo moja moja, wazee kwanza, mpaka mikono inatoka malengelenge. Jioni wanampa naye kikombe. Anakunywa. Anakaa nao. Basi."

"Wanamsamehe hivi hivi?" aliuliza Godwin.

"Mama hakusema wamemsamehe. Alisema wamempa maji."

*

Asubuhi ya Jumapili Yuster aliamshwa na mlio wa ndoo ikigonga saruji. Alijifunga kanga akatoka kwenye ukungu. Madumu yote ya nyumba ile yalikuwa yamejazwa na kupangwa ukutani. Ndoo zilijaa, sufuria kubwa la misiba lilijaa, hata beseni la kuogea Lois lilijaa mpaka ukingoni. Mama Ashraf na mwenzake walikuwa wanaondoka na ndoo zao zimejaa, wakitembea kwa uangalifu, wakamtazama Yuster kwa macho ya kuuliza. Selestini alikuwa amesimama juu ya kisima bila koti, suruali imelowa magotini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimechota kidogo."

"Baba, si maji ya kufikia Novemba?"

"Novemba itafika. Yakiisha nitakwenda kuwapigia kelele ofisini kwao, ni muda sijaenda." Alifunga mfuniko, akapita karibu naye kuingia jikoni. Pale mlangoni alisimama, akauvua ule uzi wa ufunguo shingoni, akautundika kwenye msumari, akausogeza kidogo ukae katikati. "Lile neno la jana la begi," alisema, akiutazama msumari, "halikuwa neno la mtu mzima."

"Yamekwisha, Baba."

Walipotoka kanisani Godwin alimkuta mkewe ameinama uani, begi limefunguliwa, nguo zote za mtoto zimo ndani ya povu.

"Na gari la Masasi la kesho?" aliuliza kwa uoga.

"Nguo zimelowa hivi nitasafiri nazo vipi? Kamata hapa, tukamue."

Ndani, Gervas alikuwa ameshakaa na kofia yake, akilalamika kwamba ming'oko ya leo ni midogo kuliko ya jana. Selestini aliweka picha ya kisima kwenye deki, ile ile, ingawa kulikuwa na nyingine mbili zilizopona. Akazima sauti. Yuster aliingia na mikono iliyolowa, akaketi kwenye mkeka karibu na deki, pale alipokuwa anakaa Veridiana, na hakuna aliyemwambia asikae.

"Wewe wasemee wote," Selestini alimwambia Yuster, farasi mwekundu alipotokea kwenye vumbi. "Mheshimiwa niachie mimi."

"Utamweza, Shemeji?" aliuliza Gervas.

Selestini alikuwa ameshabana pua.